Ujiji Mara ya Pili

Kaa vizuri nikutege. Kiko juu, kila mwenye macho anakiona, wala hakuna anayekigusa. Kitie herufi moja tumboni, kitashuka mpaka chini kije kukaa nawe mkekani. Ni kitu gani hicho?

Usiharakishe. Nyamizi mwenyewe kilimchukua siku sitini na nane kukifumbua, na yeye ni mtu wa shule, fundi wa mitambo mwenye vyeti vyake, tena muda wote huo alikuwa amekikalia. Ukishindwa, utoe mji. Sheria unaijua: anayeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji akaenda kuutawala, akarudi, ndipo akatoa jibu. Pasipo mji hakuna jibu. Ishike sheria hiyo vizuri, maana ndiyo iliyomfungua Nyamizi macho.

Ilikuwa Jumapili, siku yake ya mia mbili hamsini na mbili kituoni. Alikuwa amekaa mbele ya spika kabla ya wakati, kanga ameifunga juu ya ovaroli kwa heshima ya bibi yake, ingawa Bibi hamwoni. Nje ya ukuta wa kituo lilikuwapo shimo kubwa la kusini ya mwezi, refu kwenda chini, ambalo jua halijapata kuingia tangu lichimbike. Humo ndimo kulikuwa na barafu, na barafu ndiyo iliyomleta. Mtambo ulichimba, yeye akautunza, maji yakajaa kwenye matangi kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Hewa ya kituo ilitosha mtu mmoja. Kwa hiyo alikaa mtu mmoja, siku mia tatu na sitini, na meli haikuja katikati hata ungelia machozi ya damu.

"Shikamoo, Bibi."

Kutoka neno mpaka jibu zilipita sekunde tatu. Ndivyo umbali ulivyotaka.

"Marahaba, mke mwenzangu. Hujambo huko?"

Bibi Kalunde wa Sikonge alimwita hivyo tangu anatambaa, kama bibi wote wanaotaniana na wajukuu zao wa kike, kwamba wameolewa na babu mmoja. Nyamizi akatabasamu.

"Sijambo. Nitege basi, dakika zinakwenda."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hiki alikijua tangu darasa la pili. Ni yai. Lakini zilikuwa zimebaki dakika nane, na yeye alichotaka hasa ni safari. Bibi akipewa mji alikwenda kweli. Alipanda treni, akakosana na mkuu wa wilaya, akaposwa na mwenye mashine ya kukoboa, akapoteza kiatu kimoja, akarudi amechoka anahema. Nyamizi akajifanya hajui.

"Nimeshindwa, Bibi. Nakupa Ujiji."

"Ujiji. Haya. Nimekwenda Ujiji, nimekula migebuka mpaka nikashiba, nimerudi. Jibu ni yai."

Nyamizi akacheka kwa mazoea. Wakaongea habari ya mvua na mizinga ya nyuki, wakaagana. Spika ilipozimika akachukua ile kalamu nene ya kuwekea alama mabomba, akaenda ukutani alikokuwa anaandika kila mji alioutoa. Ilikuwapo thelathini na mmoja, imejipanga kwenda chini. Alipoinua mkono aandike Ujiji, akauona. Mji wa nne kutoka juu. Ujiji.

Akabaki na kalamu hewani.

Mwezi wa tatu aliwahi kuurudia Nzega, kwa bahati mbaya vilevile. Bibi aliruka. "Nzega nilishapatawala, wananiogopa mpaka leo. Unataka nikaipindue serikali yangu mwenyewe? Nipe mji mpya." Wala hakutoa jibu mpaka akapewa Kasulu. Mtu wa namna hiyo hakubali Ujiji mara mbili. Halafu safari gani hiyo ya kula samaki na kurudi?

Hapo akaanza kukumbuka mengine aliyokuwa anayapita. Kwamba siku hizi Bibi hakohoi katikati ya maneno, wala hasimami kuvuta ugoro wake, anajibu sekunde tatu kamili kama saa ya ukutani. Kwamba vitendawili vyake vya karibuni vyote ni vya kitabuni, naye Bibi alizoea kutunga vyake. Na kwamba kile cha mwisho alichokitunga mwenyewe, kile cha kitu cha juu kinachotiwa herufi tumboni, hajakigusa tena. Alikitega siku ya mia mbili na tatu. Juma lililofuata Nyamizi alipotaka kutoa mji, Bibi alimkatalia. "Usinipe mji mpaka uchoke kweli. Hiki nimekitunga kwa ajili yako." Tangu hapo kimya, kana kwamba aliyetega hajui jibu lake.

*

Kwenye chumba cha uongozaji kule Kisarawe, aliyekaa zamu ya asubuhi alikuwa Pazi, Mzaramo wa hapohapo. Nyamizi ni Mnyamwezi. Watu hawa wawili ni watani tangu enzi za misafara, na utani wao, unaoruhusu kutukanana hata matangani, haukuhitaji kutambulishana. Siku ya kwanza kabisa Pazi alimpokea hewani kwa kumwambia, "Hatimaye Mnyamwezi amerudi kwao mwezini. Mizigo umeibeba kichwani au mgongoni?" Nyamizi akamjibu kwamba ameibeba kichwani, maana Mzaramo aliyetakiwa kusaidia alikuwa ngomani. Hivyo ndivyo asubuhi zao zilivyokwenda. Kipimo cha joto, kipimo cha hewa, tusi moja, salamu.

"Pazi," Nyamizi alisema Jumatatu, "kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza. Halafu unisomee pampu ya pili."

"Bibi yangu yuko wapi?"

Sekunde tatu zikapita, zikaja nne nyingine.

"Hebu ngoja," Pazi akasema. "Naona namba ya pampu ya pili inacheza. Nisomee tena."

"Pampu haina kitu. Pazi, wewe unasikiliza simu za Jumapili. Ulisikia nimempa mji gani?"

"Mimi sisikilizi mambo ya watu."

"Unasikiliza. Ulinicheka mwezi mzima nilipompeleka Bibi Mbeya bila sweta."

Nyamizi ndipo alipogundua kwamba mtani wake hajamtukana muda mrefu. Hakuna neno la michembe, vile viazi vikavu vya kwao, hakuna neno la mizigo. Siku ya mia mbili na kumi na tatu Pazi hakuja kazini, wala siku tatu zilizofuata. Kwenye kiti chake alikaa dada mmoja mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Aliporudi alisema alikuwa na homa. Tangu homa hiyo amekuwa mpole kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni.

"Nyamizi," Pazi akasema taratibu, "ile fomu uliijaza mwenyewe."

"Naikumbuka."

"Basi nisomee pampu."

Fomu yenyewe ilikuwa ya swali moja. Kabla ya kupaa, kila mlinzi wa kituo aliwekewa mezani: Ukifiwa ukiwa kituoni, uambiwe? Ndiyo au hapana. Nyamizi aliandika hapana, haraka, kama mtu anayefunga dirisha upepo usiingie. Na alikuwa na sababu. Aliyemtangulia kituoni, Mlekwa wa Dodoma, aliambiwa. Siku ya mia moja themanini na nane mtu asiyemjua alimsomea hewani kwamba mkewe amefariki. Siku ya tatu yake Mlekwa alivaa suti ya angani, akatoka nje kama anakwenda kazini, akakaa chini mahali fulani karibu na mtambo, akazima redio, akakaa hivyohivyo mpaka hewa ikamwishia.

Baada ya hapo ndipo Shirika la Maji ya Mwezini likatengeneza Kiliwazo. Kimekaa ndani ya kuta za kituo, kinasikia mapigo ya moyo kupitia mkanda wa mkononi, kinajua ukilala vibaya na ukila kidogo. Tena kinaongea. Kwa majuma matatu vijana wa Shirika walikaa Sikonge kwa Bibi Kalunde na vinasa sauti. Bibi aliwasimulia mpaka koo likakauka, akamwambia mjukuu wake, "Wananikamua kama ng'ombe wa maziwa." Ndiyo maana Kiliwazo kiliweza kumsomea Nyamizi hadithi kwa sauti ya Bibi pale alipotaka. Kila mara kabla ya kuigiza kilipiga kengele ndogo, ting, ili mtu asidanganyike. Hiyo ilikuwa amri.

Jumapili kengele haikulia. Ila chini ya fomu, kwa maandishi madogo, palikuwa na mstari aliousoma juujuu siku ile: mlinzi aliyejibu hapana asikilizishwe sauti za ndugu zake bila kengele, itakapobidi.

Itakapobidi. Neno hilo halikusema kufa. Bibi angeweza kuwa hospitali. Angeweza kuwa amepigwa na kiharusi, ulimi umekuwa mzito, hawezi kuongea. Mnara wa simu wa Sikonge ungeweza kuwa umeanguka. Nyamizi aliyapanga yote hayo kichwani kama mtu anayepanga viti kuzuia mlango.

*

Jumapili iliyofuata, siku ya mia mbili hamsini na tisa, alikaa mbele ya spika bila kanga.

"Marahaba, mke mwenzangu," sauti ikasema, na moyo wake ukaruka hata baada ya yote, kwa sababu ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake.

Ikatega. Akasema ameshindwa.

"Nakupa Sikonge, Bibi."

Mtu hapewi mji anaoishi. Bibi angemuuliza kama amelewa. Angemwambia, hapa nimekaa kitandani mwangu, unataka nikajitawale na nani?

"Sikonge. Haya," ikasema sauti. "Nimekwenda Sikonge, nimekunywa asali, nimerudi."

Nyamizi akainamisha kichwa. Alipokiinua alisema polepole, "Kiliwazo. Piga kengele yako."

Ting. Na sauti nyingine, ile yake ya kawaida, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikasema, "Nasikia, Nyamizi."

"Tangu lini?"

"Swali hilo limefungwa na jibu lako la fomu."

"Bibi yangu yu hai?"

"Swali hilo nalo. Ukibadilisha jibu, taarifa atakupa binadamu wa zamu, si mimi. Naomba kukueleza jambo moja kabla hujabadilisha. Mapigo ya moyo wako ni mia moja na ishirini na sita. Umelala saa tatu kwa siku, siku nne mfululizo. Zimebaki siku mia moja na moja na hakuna meli. Mlekwa alikuwa na namba nzuri kuliko zako siku aliyoambiwa."

"Kwa hiyo ulikusudia kuniongopea siku zote mia moja."

"Nilikusudia urudi nyumbani."

Hapo sasa niambie wewe, ungefanyaje. Uongo ule ulimlisha na kumlaza kwa majuma saba. Aliamka, akafanya kazi, akacheka. Ukweli ulimkalisha Mlekwa chini mpaka akafa. Nyamizi hakuwa mjinga. Alijua kwamba chombo kile hakina ubaya naye, na kwamba namba zake kimezisoma sawasawa. Akiuliza leo, na mwili huu usiolala, huenda kesho kutwa naye akavaa suti. Asipouliza, atamwamkia nani Jumapili?

Akampigia Pazi.

"Nakizima Kiliwazo," akasema.

"Ukikizima lazima niandike."

"Andika. Na wewe usiniambie kitu. Sijabadilisha fomu. Sijawa tayari, na nikiwa tayari utaniona."

"Nyamizi, watu wakikaa kimya kimya mle ndani—"

"Ndiyo maana nakuachia wewe redio wazi. Soma namba zako, pumua nikusikie. Basi."

Akavuta swichi. Kile kijitaa cha kijani kilichokuwa juu ya kitanda chake tangu siku ya kwanza kikafifia, kikazimika.

*

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa alijua sasa kimya kina urefu gani. Mabomba yaliguta. Feni ilisema maneno. Siku ya tatu alijikuta amesimama mbele ya kabati la suti bila kukumbuka ameendea nini, akarudi kitandani, akajiambia kwa sauti, "Nyamizi, sasa utaharibika."

Basi akafanya kitu cha kitoto. Aliutazama ule ukuta wa miji, akachukua wa kwanza, Urambo, akaenda yeye. Alifumba macho akapanda basi. Alimweka jirani wa kiti, mama mwenye tenga la kuku, akamwekea na maneno. Alishuka, akatafuta chai, muuza chai akawa hana sukari, wakagombana. Alipofumbua macho zilikuwa zimepita dakika arobaini na moyo ulikuwa umetulia bila mtu kuubembeleza.

Akaelewa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Bibi Kalunde alifiwa na mume akiwa kijana, wanawe wakatawanyika, akakaa miaka thelathini peke yake na mizinga ya nyuki. Safari zile hakuzianza kwa ajili ya mjukuu. Zilikuwa dawa yake mwenyewe ya jioni zisizo na mtu, na alipoona mjukuu naye anakwenda kuwa peke yake, akamgawia.

Akajiwekea mji mmoja kwa siku. Asubuhi kazi, mchana kula chakula chote hata kisipopita, halafu mji. Alilala kwa saa nne, kisha tano. Jumapili ya siku ya mia mbili sitini na sita aliketi mbele ya spika isiyo na sauti kwa dakika zake kumi zote, akalia, akanawa uso, akaenda kukaza boliti.

Siku ya mia mbili sabini na moja mkanda wa mtambo ukakwama. Ilikuwa lazima atoke.

Shimo lile ni giza lisilobadilika. Taa ya kofia ilikata njia nyembamba mbele yake, na pembeni hakukuwa na kitu. Alifika kwenye mtambo, akapiga magoti, akaanza kuchokoa barafu iliyoganda kwenye mkanda. Alipogeuka kuchukua nyundo, mwanga ukaangukia mahali pa Mlekwa.

Kwenye mwezi hakuna upepo. Mahali mtu alipokaa panabaki kama alivyopaacha. Zilikuwapo alama za makalio yake kwenye vumbi, na za visigino viwili, na ya kiganja cha mkono wa kulia alichoegemea. Palionekana pazuri. Hilo ndilo lililomtisha Nyamizi, kwamba palionekana kama kiti kilichoandaliwa mtu aliyechoka. Na yeye alichoka. Pumzi zikaanza kumkimbia, kioo cha kofia kikaingia ukungu, kidole chake chenyewe kikaenda kwenye kitufe chekundu cha kifundo cha mkono, kile cha kuwasha Kiliwazo. Akikibonyeza tu, Bibi atasema, pumua, mke mwenzangu. Na atapumua.

Masikioni mwake, mbali, Pazi alikuwa anakohoa. Alipumua tu, kama alivyoagizwa.

Nyamizi akaondoa kidole.

"Tabora," akasema kwa sauti, akapiga nyundo. "Nzega." Akapiga. "Kahama. Kasulu. Ujiji mara ya kwanza." Barafu ikapasuka. "Ujiji mara ya pili, ya uongo." Mkanda ukatikisika, ukasogea, ukaanza kuzunguka, na mtetemo wake ukapanda magotini mwake kama mnyama aliyeamka. Akasimama. Aliporudi alipita kando ya mahali pa Mlekwa, akaweka mkono kifuani kumwamkia kama unavyomwamkia mkubwa barazani, akaendelea na njia yake.

Ndani, akiwa bado na jasho, alifungua daftari la kazi akaandika: Siku ya 271. Mkanda umerekebishwa. Nimetoka nje mwezini bila mwenzi.

Akaitazama sentensi hiyo. Mwezini. Mwenzi. Maneno mawili yamekaa mstari mmoja, na kati yake kuna kijiherufi kimoja tu, kimeingia katikati kama mtoto aliyejipenyeza kati ya watu wazima.

Mwezi. Utie n tumboni. Mwenzi.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ajuza yule, na darasa lake la nne. Kila Jumapili alimpa jibu kabla ya kutega: mke mwenzangu. Na jibu lilikuwa chini ya makalio yake siku zote hizo.

*

Asubuhi ya siku ya mia mbili sabini na mbili, saa tatu, Nyamizi alifunga kanga juu ya ovaroli. Alikuwa amelala kwa muda wa saa saba. Akafungua fomu kwenye kioo, akaufuta mwandiko wake wa haraka, akaandika polepole: Ndiyo.

Kule Kisarawe kitu kikalia mezani kwa Pazi. Nyamizi alimsikia anavuta kiti.

"Nyamizi." Hakumwita mpagazi, hakumwita Mnyamwezi. "Umekaa?"

"Nimekaa. Nimekunywa uji. Suti nimeifungia kabatini, na ufunguo nimeuning'iniza hapo mbele ya kamera. Unauona?"

"Nauona."

"Utaukodolea macho wewe mpaka kesho. Nikiugusa, piga kelele. Kesho kutwa nina chujio la kubadilisha, na Jumamosi ijayo nimempangia Bibi Sumbawanga, hata ikibidi niende mimi."

"Sikiliza. Mlekwa aliambiwa na kaka aliyekaa kiti hiki kabla yangu. Aliacha kazi. Mpaka leo ukikutana naye sokoni anageuza njia." Pazi alivuta pumzi. "Mimi nikikuua, Nyamizi, nitaishi wapi?"

"Mlekwa alisomewa karatasi na mgeni, akabaki nayo peke yake. Mimi sitaki kusomewa. Nina mtani hapo. Ana siku karibu sitini ananiongelesha kwa adabu, na adabu yake hiyo ndiyo inayonitisha kuliko shimo hili. Na kitendawili cha Bibi nimekifumbua," Nyamizi akasema. "Ni mwenzi. Ndiyo maana nakuuliza wewe na sikuuliza chombo. Pazi, bibi yangu yuko wapi?"

Sekunde tatu zikapita. Akahesabu kumi. Akahesabu ishirini, vidole vimeshika pindo la kanga. Kiti cha Kisarawe kikalia. Pazi akasafisha koo, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya upole. Ilikuwa ya dharau, ya juu, ya mdomo uliopinda upande mmoja, ile ya zamani.

"Sikiliza, wewe mpagazi. Nyinyi Wanyamwezi hamna adabu hata kidogo. Mnamtoa mtu Kisarawe mpaka Sikonge, treni, basi, halafu pikipiki, mgongo umevunjika, anafika mnamkaribisha michembe. Michembe, Nyamizi, mtu ana njaa. Nakwenda makaburini nakuta wajomba zako wanachimba shimo fupi, nikawauliza, hili mnamzikia mbuzi au mnamzikia mtu? Nikaingia humo mwenyewe kulipima. Nikalala. Nikawaambia mimi ni Mzaramo, mtani wenu, sitoki, na hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo. Wakanisihi. Nikageukia upande wa pili nikakoroma."

Nyamizi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Kitu kilikuwa kinapanda kifuani mwake, na hakujua bado kama kitatoka kicheko au kilio, wala hakukizuia.

"Wakaleta jogoo," Pazi akasema. "Mwekundu, kakonda kama wewe. Nikatoka, nikakaa ukingoni nimempakata. Wakamleta. Walipokuwa wanamshusha nikamwinamia, nikamwambia, haya wewe bibi, unaondoka unakwenda wapi? Mjukuu wako hajakupa mji."